Dawa Mpya za Nagana kwa Ng'ombe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu utafutaji wa dawa mpya za nagana, ugonjwa wa vimelea unaowadhoofisha na kuwaua ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Yamekusudiwa wafugaji, maafisa mifugo, wanafunzi wa tiba ya wanyama na wote wanaouliza kwa nini ugonjwa ambao chanzo chake kimejulikana tangu miaka ya 1890 bado unatibiwa kwa dawa za miaka ya 1950.

Nagana husababishwa na nini?

Husababishwa na vimelea vya seli moja viitwavyo tripanosoma, ambavyo huishi katika damu ya mnyama. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyevitambua katika ng'ombe wagonjwa huko Zululand, na mojawapo ya aina zake, Trypanosoma brucei, ilipewa jina lake. Kwa ng'ombe, hata hivyo, hatari kubwa hutoka kwa aina nyingine mbili, Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax, na dawa yoyote isiyoziweza zote mbili haina faida kubwa kwa mfugaji, kwa kuwa mara nyingi hajui ni ipi iliyomwingia mnyama wake.

Mwenezaji mkuu ni mbung'o, ambaye wengi humwita ndorobo. Maeneo anamoishi yanakadiriwa kufikia kilomita za mraba milioni 10 katika nchi zaidi ya 30. T. vivax ina njia ya ziada: hubebwa pia na nzi wengine waumao, kupitia damu inayobaki mdomoni mwao wanapohama kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine, na kwa sababu hiyo imejikita hata Amerika Kusini ambako hakuna mbung'o kabisa.

Ng'ombe aliyeambukizwa hupata homa za kuja na kuondoka, hupungukiwa na damu, hukonda hata kama malisho yapo, hukauka maziwa, na akiwa na mimba huweza kuitupa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limekuwa likitaja makadirio ya vifo vya ng'ombe wapatao milioni 3 kila mwaka. Hasara isiyoonekana katika hesabu hiyo ni ya maksai aliyedhoofika msimu wa kulima, kwa sababu hakufa na hakuna aliyemhesabu, lakini shamba halikulimwa.

Je, nagana na ndigana ni ugonjwa mmoja?

Hapana. Ndigana kali na ndigana baridi huenezwa na kupe, na vijidudu vyake ni vingine kabisa. Ndigana kali hutibiwa kwa buparvakwoni, na ndigana baridi kwa oksitetrasaiklini. Tofauti hii ina uzito mkubwa wakati wa kuhukumu kama dawa ya nagana imefanya kazi au imeshindwa, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Dawa zilizopo sasa ni zipi?

Kwa ng'ombe zipo tatu tu zinazotumika kwa wingi. Ya kwanza ni diminazini, ambayo wafugaji huifahamu zaidi kwa majina ya Berenil na Veriben. Hii hutibu tu. Haimkingi mnyama kwa muda mrefu baada ya sindano. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na pale usugu unapohofiwa daktari huweza kuagiza miligramu 7. Ya pili ni isometamidiamu, inayouzwa kwa majina kama Samorin na Trypamidium, ambayo hutibu na pia hukinga kwa kati ya miezi 2 na 4 kutegemea kipimo, hali ya mnyama na wingi wa mbung'o. Ya tatu ni homidiamu, ambayo ni ndugu wa karibu wa isometamidiamu kwa umbile la kikemia.

Homidiamu inastahili neno la ziada. Ni kemikali ileile ambayo maabara za baiolojia huitumia kuipaka DNA rangi ili ionekane, na inafanya hivyo kwa kujipenyeza katikati ya nyuzi za DNA. Tabia hiyo huifanya ishukiwe kuwa inaweza kuharibu chembe za urithi. Kwa maoni yangu, kuendelea kuitegemea katika wanyama wanaotoa maziwa na nyama ni jambo ambalo lingekwisha siku nyingi kama pangekuwa na dawa mbadala.

Dawa zote tatu zilitengenezwa katika miaka ya 1950 au karibu na hapo. Inakadiriwa kuwa dozi zipatazo milioni 35 za dawa za nagana hutumika Afrika kila mwaka, na karibu zote ni za dawa hizi hizi.

Kama dawa zipo, kwa nini zitafutwe nyingine?

Kwa sababu ya usugu. Vimelea visivyokufa kwa diminazini, kwa isometamidiamu, au kwa zote mbili, vimeripotiwa katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, ya Magharibi na ya Kusini. Tangu zamani wataalamu walishauri dawa hizo mbili zitumike kwa kupokezana, wakitarajia kwamba vimelea vitakavyovumilia moja vitauawa na nyingine. Shauri hilo lilikuwa jema na bado lina manufaa, lakini linategemea kitu kimoja: kwamba kimelea hakivumilii zote mbili kwa pamoja. Kinapozivumilia zote, daktari wa mifugo hana silaha nyingine ya kutegemea, kwani homidiamu inafanana mno na isometamidiamu.

Usugu hutokeaje?

Chanzo chake ni dozi pungufu. Mnyama akipewa dawa kidogo kuliko uzito wake unavyohitaji, vimelea dhaifu hufa na vile vinavyoweza kuvumilia hubaki, huzaana, na mbung'o huvipeleka kwa mnyama mwingine. Dozi hupungua kwa njia nyingi: uzito unapokadiriwa kwa macho, pakiti moja inapogawanywa kwa ng'ombe wengi kuliko inavyotosha, unga unapochanganywa na maji mengi mno, au dawa yenyewe inapokuwa bandia au yenye kiambato pungufu. Dawa ya kukinga ina hatari yake ya pekee, kwa maana kiasi kilichomo mwilini hushuka polepole kwa wiki nyingi, na mwishoni mwa kipindi hicho vimelea vipya hukutana na dawa isiyotosha kuviua.

Ndani ya kimelea chenyewe, mambo yanayobadilika yameeleweka kwa sehemu. Katika T. brucei, diminazini huingia kupitia milango midogo ya protini ambayo kimelea huitumia kujipatia viini vya lishe kutoka kwenye damu, na mlango huo ukiharibika kwa mabadiliko ya jeni, dawa hubaki nje. Isometamidiamu nayo hujikusanya ndani ya mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati, na kuivuruga DNA iliyomo humo. Haifai kudhani kwamba yaliyothibitishwa kwa T. brucei ni kweli pia kwa T. congolense, na hili ni tatizo la utafiti tutakalolirudia, kwa kuwa maarifa mengi tuliyonayo yametoka kwa aina ambayo si adui mkubwa wa ng'ombe.

Nitajuaje kama dawa imeshindwa kwa sababu ya usugu?

Kwa macho peke yake, huwezi. Ng'ombe asiyepona baada ya sindano ya diminazini anaweza kuwa na vimelea sugu, lakini pia anaweza kuwa na ndigana, ambayo dawa hiyo haiitibu. Anaweza kuwa na minyoo na utapiamlo. Au anaweza kuwa alipona na kuambukizwa upya siku chache baadaye katika malisho yenye mbung'o wengi. Kinyume chake pia hutokea: diminazini huua vimelea vya babesia, vinavyoleta ugonjwa wa kukojoa damu, na hivyo ng'ombe aliyepona huenda hakuwa na nagana tangu mwanzo. Uchunguzi wa damu kwa hadubini kabla ya matibabu, ukirudiwa wiki mbili baadaye, hutoa jibu bora zaidi kuliko kubadili dawa kwa kubahatisha.

Kwa nini hakuna chanjo?

Tripanosoma hujifunika kwa koti nene la protini, na kinga ya mwili wa ng'ombe hulitambua koti hilo na kuanza kulishambulia. Lakini kimelea kina mamia ya jeni za makoti tofauti, na kila mara kinga inapokaribia kushinda, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kubadili koti. Homa za kuja na kuondoka zinafuatana na mawimbi hayo ya mabadiliko. Mwaka 2021 watafiti wa Wellcome Sanger Institute ya Uingereza na wenzao walitangaza kwamba wamepata protini moja ya T. vivax isiyobadilikabadilika ambayo iliwakinga panya. Hiyo ni habari njema ya kweli, ila panya si ng'ombe, na hadi hapo itakapothibitishwa kwa ng'ombe malishoni, tiba itaendelea kuwa ya dawa.

Mbona kwa zaidi ya nusu karne hakuna dawa mpya iliyotolewa?

Sababu kubwa ni fedha. Kuipeleka dawa kutoka kwenye maabara hadi kwenye usajili huchukua miaka mingi na gharama kubwa, na kampuni hutarajia kuirudisha gharama hiyo kwa mauzo. Soko la dawa za mifugo linalolipa vizuri liko katika wanyama wa nyumbani kama mbwa na paka, na katika mashamba makubwa ya nchi tajiri ambako nagana haipo. Mfugaji mwenye ng'ombe sita hawezi kulipa bei ambayo ingerudisha gharama hizo, na dawa za zamani, ambazo hataza zake (haki za kampuni moja kuzitengeneza peke yake) zilikwisha muda mrefu uliopita, ni rahisi kiasi kwamba dawa mpya hulazimika kushindana nazo kwa bei tangu siku ya kwanza.

Linganisha na dawa za minyoo. Aivamektini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani na kuingia sokoni kwa ajili ya wanyama mwaka 1981, ilipata fedha kwa sababu minyoo huwasumbua ng'ombe, kondoo na farasi duniani kote. Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Nagana haikuwa na soko la namna hiyo, na hali ilianza kubadilika pale tu taasisi zisizolenga faida zilipoingia kati, miongoni mwao GALVmed yenye makao Edinburgh, ambayo huunganisha fedha za wafadhili, maabara za vyuo vikuu na kampuni za dawa.

Je, aivamektini haitibu nagana?

Haitibu. Mbung'o anayenyonya damu ya ng'ombe aliyepewa aivamektini karibuni huweza kufa au kuishi muda mfupi zaidi, na huenda hapo ndipo dhana hii ilipoanzia, lakini vimelea vilivyokwisha kuingia katika damu ya ng'ombe haviondolewi nayo.

Watafiti huanzia wapi wanapotafuta dawa mpya?

Njia ni mbili kuu. Katika ya kwanza, mtafiti huchagua kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia ndani ya seli, ambacho kimelea hakiwezi kuishi bila hicho, kisha hutafuta molekuli ya kukizuia. Katika ya pili, maelfu ya molekuli humiminwa juu ya vimelea hai katika sahani za maabara ili kuona ipi inaviua, na swali la namna inavyoviua huachwa kwa baadaye. Kwa tripanosoma, njia hii ya pili ndiyo iliyozaa matunda mengi zaidi, pengine kwa sababu humpima adui akiwa mzima, na ngozi yake, milango yake na mbinu zake zote za kujilinda.

Hapa ndipo tatizo nililolidokeza linapojitokeza. T. brucei huoteshwa maabara kwa urahisi, na hivyo ndiyo inayotumika kuchuja molekuli. T. congolense huoteshwa kwa taabu. T. vivax, katika umbo lake la kuishi ndani ya damu ya mnyama, ni ngumu zaidi: aina nyingi zake hazikubali hata kuishi katika panya, na utafiti mwingi wa maabara umetegemea aina chache kutoka Afrika Magharibi zinazokubali. Kwa hiyo molekuli inaweza kuonekana bora kabisa dhidi ya T. brucei katika sahani, ikapita kwa panya, kisha ikashindwa mbele ya T. vivax katika ng'ombe baada ya fedha nyingi kutumika. Naamini kwamba kazi isiyo na sifa ya kuboresha namna ya kuotesha T. congolense na T. vivax itasaidia ng'ombe wengi zaidi kuliko ugunduzi wa molekuli nyingine kumi dhidi ya T. brucei, na inasikitisha kuona jinsi kazi hiyo inavyopata wafadhili wachache.

Molekuli inayoua vimelea hupimwa pia kama inaua seli za mnyama. Zinazobaki hubadilishwabadilishwa na wanakemia, atomu hapa na atomu pale, ili zidumu zaidi katika damu, ziyeyuke vizuri katika kimiminika cha sindano, na zisivunjwe na ini haraka mno.

Kwa nini ng'ombe wasipewe dawa mpya za malale za binadamu?

Swali hili ni la haki, kwa kuwa malale huletwa na tripanosoma wa jamii ya T. brucei, na dawa zake zimepiga hatua kubwa. Feksinidazoli, iliyotengenezwa na DNDi, shirika lisilolenga faida linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, pamoja na kampuni ya dawa ya Sanofi, ilipata idhini ya wadhibiti wa Ulaya mwaka 2018, ikawa dawa ya kwanza ya vidonge peke yake kwa malale ya aina ya gambiense, ile ya Afrika Magharibi na ya Kati. Akoziboroli, ambayo mgonjwa huimeza mara moja tu, ilionyesha matokeo mazuri sana katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022.

Vikwazo kwa ng'ombe viko vitatu. Kwanza, feksinidazoli humezwa kila siku kwa siku 10, na hakuna mfugaji anayeweza kumtoa kila ng'ombe mgonjwa kundini ili ameze dawa kwa siku kumi mfululizo. Isitoshe, dawa ya kumeza hupitia kwanza katika tumbo la kwanza la ng'ombe, lililojaa bakteria wanaovunja kemikali nyingi. Pili, feksinidazoli iko katika kundi la nitroimidazoli, na dawa kadhaa za kundi hilo zimepigwa marufuku Ulaya kwa wanyama wanaoliwa kutokana na hofu ya kudhuru chembe za urithi za mlaji. Mgonjwa wa malale asipotibiwa hufa, kwa hiyo hatari ndogo inakubalika kwake. Mtu anayekunywa maziwa asubuhi hana sababu ya kuikubali.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito zaidi. Ng'ombe wa Afrika Mashariki huweza kubeba Trypanosoma brucei rhodesiense, inayoleta malale makali kwa binadamu, bila wenyewe kuugua sana, na nchini Uganda imethibitika kwamba ng'ombe ni hifadhi ya vimelea hivyo. Dawa ileile ikitumika kwa mamilioni ya ng'ombe, mara nyingi kwa dozi pungufu, vimelea sugu vitakavyozaliwa humo vitaweza kumwingia binadamu, na dawa iliyogharimu miaka mingi ya kazi itaharibiwa kwa muda mfupi. Ndiyo maana wengi, nami nikiwemo, tunaona kuwa dawa za binadamu na za ng'ombe zitenganishwe kadiri inavyowezekana.

Benzoksaboroli ni nini, na kwa nini zinazungumziwa sana?

Ni kundi la molekuli zenye atomu ya boroni ndani yake. Akoziboroli ni mojawapo. Kwa ajili ya ng'ombe, molekuli iliyovuta macho ya wengi inaitwa AN11736, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018: sindano moja ya msuli, kwa kipimo cha miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, iliwaponya ng'ombe walioambukizwa T. congolense na walioambukizwa T. vivax. Kwa ugonjwa ambao watu walikwisha kuzoea kusikia habari za panya tu, matokeo hayo kwa ng'ombe wenyewe, dhidi ya aina zote mbili na kwa sindano moja, yalikuwa ya kutia moyo sana.

Mwaka huohuo ilibainika kwamba akoziboroli na ndugu zake wa mifugo hushambulia kimeng'enya kiitwacho CPSF3, ambacho kazi yake ni kukata na kutengeneza RNA inayobeba maagizo ya jeni. Kimelea kikikosa huduma hiyo hakiwezi kutengeneza protini zake, na hufa. Utafiti wa mwaka 2020 uliongeza jambo la kuvutia: AN11736 yenyewe huingia ndani ya kimelea ikiwa bado haijakamilika kuwa dawa, kisha kimeng'enya cha kimelea huikata na kuigeuza kuwa umbo linalojikusanya humo kwa wingi, hivyo kimelea hushiriki katika kujiua.

Je, vimelea havitakuwa sugu kwa dawa hizi pia?

Vinaweza, na dalili zimekwisha kuonekana katika maabara. Kwa kuwa AN11736 huhitaji kukatwa na kimeng'enya cha kimelea, vimelea vilivyopoteza jeni za kimeng'enya hicho viliweza kuivumilia. Hii haimaanishi kwamba molekuli ya namna hiyo itupwe. Maana yake ni kwamba kipimo cha kugundua jeni zilizopotea kiandaliwe mapema, kabla dawa haijafika sokoni, ili usugu ukianza mahali fulani uonekane katika sampuli za damu badala ya kusubiri malalamiko ya wafugaji. Vilevile inafaa kufikiria mapema kutoa dawa mbili zenye mbinu tofauti katika sindano moja, kama inavyofanyika kwa malaria, ingawa mchanganyiko wa namna hiyo huongeza gharama na hufanya upimaji wa masalia ya dawa katika nyama na maziwa uwe mgumu maradufu.

Majaribio kwa ng'ombe hufanywaje?

Mtafuta dawa ya ng'ombe ana nafuu moja ambayo mtafuta dawa ya binadamu hana: anaweza kuijaribu mapema kwa mnyama yuleyule atakayetibiwa. Ng'ombe huwekwa katika mabanda yenye nyavu ili nzi wasiingie, huambukizwa aina ya vimelea inayojulikana, mara nyingi aina sugu iliyokusanywa malishoni, na vimelea vikishaonekana katika damu hupewa dawa. Kundi moja hupewa dawa ya zamani kwa kulinganisha.

Baada ya hapo kinachohitajika zaidi ni subira. Vimelea huweza kutoweka katika damu kwa wiki kadhaa kisha vikarudi, hasa pale vilipojificha ndani ya tishu ambako dawa haikufika kwa kiasi cha kutosha; T. brucei huweza kujificha hata kwenye ubongo. Kwa hiyo ng'ombe hufuatiliwa kwa takriban siku 100, damu ikipimwa mara kwa mara kwa hadubini, kiwango cha seli nyekundu kikirekodiwa, na vipimo vya DNA vikitumika kutafuta vimelea vichache visivyoonekana kwa jicho. Habari ya dawa iliyoponya ng'ombe kwa siku 14 haistahili kushangiliwa.

Majaribio ya usalama hufuata, ambapo ng'ombe wenye afya hupewa dozi iliyozidishwa mara kadhaa ili kuona ni kiungo gani huanza kudhurika. Mahali pa sindano huchunguzwa pia, na jambo hili si dogo, kwa kuwa isometamidiamu inajulikana kwa kuacha uvimbe na makovu ndani ya msuli. Mwisho ni majaribio ya malishoni, katika mifugo ya watu, kwa ridhaa yao, ambako ng'ombe wana minyoo, njaa ya kiangazi na magonjwa mengine kwa wakati mmoja. Dawa nyingi zilizong'ara bandani hupungua nguvu hapo.

Mfugaji anahitaji dawa ya namna gani?

Dawa inayoponya kwa sindano moja, kwa sababu ng'ombe wa mfugaji anayehama huenda asionekane tena na mtoa huduma. Iwe na nafasi pana kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru, kwa sababu uzito utaendelea kukadiriwa kwa macho au kwa utepe wa kupima kifua. Isiharibike katika joto la dukani na begani mwa mtoa huduma anayetembea kwa pikipiki, mbali na jokofu lolote. Iue T. congolense na T. vivax, zikiwemo aina sugu kwa dawa za sasa. Iwe salama kwa ng'ombe mwenye mimba na kwa ndama. Bei yake isizidi sana ya dawa anazozijua. Kila sharti kati ya haya huondoa molekuli nyingi nzuri mezani, na ninapoona taarifa ya maabara inayotangaza dawa mpya ya nagana, jambo la kwanza ninalolitafuta ni idadi ya sindano.

Swali ambalo wataalamu hawajakubaliana ni kama kwanza itafutwe dawa ya kutibu au ya kukinga. Dawa ya kukinga huwafaa sana wanaopitisha ng'ombe katika maeneo ya mbung'o wakati wa kiangazi. Lakini kama ilivyoelezwa, dawa inayodumu mwilini kwa miezi hukaribisha usugu, na masalia yake hudumu pia. Naona ni busara kuanza na ya kutibu.

Vipi kuhusu masalia katika maziwa na nyama?

Hakuna dawa inayosajiliwa kwa ng'ombe bila kujulikana inakaa muda gani katika nyama, ini, figo, mafuta na maziwa. Watafiti hupima kiasi kinachobaki kila baada ya muda fulani, kisha wadhibiti huweka kikomo kinachoruhusiwa, na kutoka hapo hupatikana idadi ya siku ambazo mfugaji lazima asubiri kabla ya kuchinja au kuuza maziwa. Dawa inayodai siku nyingi za kusubiri maziwa ni mzigo kwa familia inayoishi kwa maziwa hayo, na mara nyingi agizo hilo halifuatwi. Kwa hiyo muda mfupi wa kusubiri ni sharti la kulinda afya ya walaji kama ulivyo manufaa ya kibiashara.

Mitishamba inaweza kutupatia dawa mpya?

Mimea mingi ya Afrika imepimwa, na dondoo za baadhi yake huua tripanosoma katika sahani. Nyingi hazifiki katika damu ya mnyama kwa kiwango kinachotosha, au hudhuru kabla ya kuponya. Inapotokea mmea wenye nguvu ya kweli, kazi ni kuitenga molekuli husika na kuipitisha katika hatua zilezile zilizoelezwa, na jamii iliyohifadhi maarifa ya mmea huo inapaswa kutambuliwa na kunufaika kwa mkataba wa wazi.

Dawa ikithibitishwa, itafikaje kwa mfugaji?

Kila nchi husajili kwa mamlaka yake: Tanzania ni TMDA, Uganda ni NDA, na Kenya ina kurugenzi maalumu ya dawa za mifugo. Mtengenezaji hulazimika kupeleka jalada kwa kila mamlaka, na nchi zenye nagana zinazidi 30, hivyo kuoanisha masharti ya usajili kungeokoa miaka. Baada ya usajili hubaki suala la bandia. Dawa mpya yenye sifa njema huigwa haraka, na dawa bandia yenye kiambato kidogo ni mbaya zaidi kuliko ile isiyo na kitu kabisa, kwa sababu huvizoesha vimelea.

Wakati tunasubiri, dawa za sasa zitumikeje?

Damu ipimwe kabla ya kutibu pale inapowezekana. Uzito upimwe kwa utepe wa kifua, na ukitia shaka, kadiria juu badala ya chini, bila kuvuka kiwango cha daktari. Unga uchanganywe na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, na sindano ipigwe ndani ya msuli, si chini ya ngozi. Pakiti iwe imefungwa, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Diminazini na isometamidiamu zipokezanwe kwa mpango wa daktari wa eneo zima, kwani boma moja likipokezana peke yake halisaidii sana ikiwa majirani hawafanyi hivyo.

Mbung'o nao wapunguzwe, kwa mitego na vitambaa vyenye viuatilifu na kwa kuwanyunyizia ng'ombe dawa ya kuua wadudu ya kundi la pairethroidi hasa miguuni na tumboni, ambako mbung'o hupenda kutua. Kisiwani Unguja, ambako mbung'o wa aina moja tu walikuwepo, kazi ya namna hiyo ikifuatiwa na kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi iliwamaliza kabisa, na kisiwa kikatangazwa kuwa huru mwaka 1997. Barani, ambako mbung'o hurudi kutoka mapori ya jirani, kila mbung'o aliyepungua ni sindano chache zaidi zinazohitajika, na kila sindano iliyoepukwa huongeza muda ambao diminazini na isometamidiamu zitaendelea kufanya kazi.